Binti wa miaka 14 na homoni "zilizovurugika": je, anaumwa, na aingie kwenye utafiti?

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 14 na miezi 3. Alivunja ungo akiwa na miaka 12 na miezi 8. Siku zake hazina mpangilio: mara tano za mwisho zimepishana kwa siku 31, 44, 26, 52 na 39. Katika ule mzunguko wa siku 52 nilimpeleka akapimwa damu siku ya 21, nikaambiwa projesteroni iko chini sana na homoni zimevurugika. Testosteroni ilikuwa 1.3. Tuliporudia maabara nyingine ikawa 38! Altrasaundi ikaonyesha vivimbe vidogo vingi kwenye ovari zote mbili. Tumepewa vidonge vya miezi mitatu vya kurekebisha homoni, bado hatujaanza. Na sasa wametujia watafiti wanaofuatilia homoni za wasichana kwa miaka mitatu. Wanataka mkojo, damu na picha za tumbo. Naogopa mwanangu asije akafanyiwa majaribio. Je, ana PCOS, ule ugonjwa wa homoni na ovari? Atazaa kweli? Na huo utafiti nimruhusu?

JIBU: Mama, nianze na zile karatasi za maabara, maana naona ndizo zilizokunyima usingizi.

Testosteroni ya binti yako haikupanda. Zitoe karatasi zote mbili uziweke pamoja, kisha utazame maandishi madogo yaliyo pembeni ya namba. Kwa namba hizo ulizoandika, ya kwanza itakuwa imepimwa kwa nanomoli kwa lita, na ya pili kwa nanogramu kwa desilita. Ukizidisha 1.3 kwa 28.8 unapata 37 na ushei. Ni kiasi kilekile. Ni kama kitambaa kimoja kupimwa kwa mita duka hili na kwa futi duka lile, kisha mtu akadai kimerefuka njiani. Isitoshe, kiasi hicho katika maabara nyingi hakivuki hata kiwango cha kawaida cha mwanamke mzima. Na kwa kuwa tupo kwenye namba, jua pia kwamba mashine nyingi za maabara za kila siku hukipata vizuri kiwango kikubwa cha mwanamume lakini hubabaika kwenye kiwango kidogo cha msichana. Ndiyo maana watafiti hupeleka damu kwenye mashine zinazozichambua molekuli kwa uzito wake. Huwezi kumwita mtoto mgonjwa kwa tofauti ya nukta mbili tatu kwenye mashine ya kawaida.

Tuje kwenye projesteroni, ambayo ndiyo iliyozaa neno "zimevurugika". Homoni hii hutoka kwa wingi baada ya yai kupevuka na kuachiliwa. Kile kifuko kilichobaki tupu ndicho kinachoitengeneza. Hufika kileleni kama wiki moja kabla ya hedhi inayofuata. Siku ya 21 inayotajwa kila mahali imetokana na mzunguko wa siku 28: toa 7, unabaki na 21. Sasa piga hesabu ya binti yako. Mzunguko ule ulikuwa wa siku 52. Kama yai lilipevuka, lilipevuka karibu na siku ya 38, na projesteroni ingefika kileleni siku ya 45 hivi. Damu ilichukuliwa siku 24 kabla ya hapo. Ni kwenda kumpokea mgeni kituoni wiki tatu na ushei kabla ya safari yake, halafu kurudi nyumbani na habari kwamba mgeni amepotea.

Na hata angepimwa siku yenyewe, huenda yai lisingekuwepo, na kwa umri wake hilo lisingenishtua. Mtafiti wa Finland, Dan Apter, pamoja na wenzake, waliwafuatilia wasichana kwa kupima homoni zao mwaka hadi mwaka, na matokeo waliyoyatoa karibu na mwaka 1980 bado tunayafundisha. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, karibu asilimia 80 ya mizunguko haikuwa na yai. Mwaka wa tatu, asilimia 50. Mwaka wa sita, asilimia 10. Binti yako ana miezi 19 tu tangu avunje ungo. Damu hutoka, lakini mara nyingi ni damu ya mji wa mimba uliojengwa na estrojeni peke yake, bila projesteroni ya kuutuliza na kuupangia siku ya kumwaga. Ndiyo sababu mara inakuja baada ya siku 26, mara inachelewa hadi siku 52.

Kwa nini mwili uchukue miaka kujifunza jambo moja? Kwa sababu jambo lenyewe linaanzia kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni kwa mapigo, pigo moja kila baada ya saa moja hadi saa moja na nusu hivi, na kila pigo huiamsha tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe homoni mbili, LH na FSH, za kwenda kwenye ovari. Ernst Knobil, aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh, alilionyesha hilo kwa nyani miaka ya 1970. Aliwaondolea homoni yao ya ubongo kisha akawarudishia kwa sindano. Akiwapa pigo moja kila saa, ovari zilifanya kazi. Akiwapa homoni ileile kwa mfululizo bila kupumzika, pituitari ilinyamaza. Dawa ileile, mdundo tofauti. Miaka hiyohiyo, mwaka 1972, kundi la watafiti wa New York lilichukua damu ya watoto wanaobalehe kila baada ya dakika 20, usiku na mchana, likaona kwamba balehe inapoanza mapigo makubwa huja usingizini. Mchana ukimpima mtoto huyohuyo huoni kitu.

Sasa kama kwenye karatasi zako kuna LH, ni ya kipimo cha mara moja tu. Ilichukuliwa pigo likiwa juu au likiwa limeshuka? Hakuna ajuaye.

(Nikuchekeshe kidogo. Protini inayoisukuma hiyo haipothalamasi inaitwa kispeptini. Jeni lake liligunduliwa mwaka 1996 katika mji wa Hershey, Pennsylvania, na waliolipata, wakitafuta habari za saratani, walilipa jina la chokoleti inayotengenezwa mjini hapo, Hershey's Kisses. Hadi mwaka 2003 ndipo ikajulikana kwamba watu ambao kipokezi chake kimeharibika hawabalehe kabisa.)

Na hivyo "vivimbe". Natamani neno hili lingeondolewa kwenye ripoti za altrasaundi za wasichana. Kile kinachoonekana kama shanga nyeusi ukingoni mwa ovari ni vifuko vya mayai, kila kimoja na maji yake na yai lake changa, na ovari ya msichana wa miaka 14 huwa navyo vingi kwa kawaida. Si uvimbe, havikatwi, haviyeyushwi kwa dawa. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, unasema wazi kwamba altrasaundi isitumike kutambua PCOS hadi ipite miaka 8 tangu kuvunja ungo. Kwa binti yako hiyo ni miaka 20 na miezi 8. Kipimo cha damu cha AMH, homoni inayotoka kwenye vifuko hivyo, nacho kimezuiwa kwa umri huu kwa sababu hiyohiyo. Picha haikuwa na kosa. Swali lililoulizwa picha ndilo halikuwa lake.

Basi PCOS kwa binti mdogo hutambuliwaje? Lazima mambo mawili yawepo pamoja. La kwanza ni mzunguko usio wa kawaida, na kawaida yenyewe inapimwa kwa miaka tangu avunje ungo, si kwa umri wake wa kuzaliwa. Mwaka wa kwanza, mvurugo unahesabiwa kuwa sehemu ya kukua. Kuanzia mwaka wa kwanza hadi kabla ya kutimiza wa tatu, tunaanza kuuliza maswali mizunguko inapokuwa chini ya siku 21 au zaidi ya 45. Baada ya miaka mitatu kikomo cha juu kinashuka hadi siku 35. Na ukishapita mwaka wa kwanza, mzunguko hata mmoja unaozidi siku 90 unatosha kumpeleka kwa daktari. La pili ni dalili za homoni za kiume kuzidi: ndevu kidevuni, nywele nyingi kifuani au tumboni, chunusi kali zisizosikia dawa, au testosteroni iliyo juu kweli kwenye kipimo cha kuaminika.

Katika mizunguko mitano uliyoniandikia, mmoja tu ndio umevuka 45, na wastani wa yote ni siku 38. Ndevu hukuzitaja, na mama anayehesabu siku kwa makini hivyo asingezikosa. Testosteroni tumeshaizungumza. Kwa hayo niliyonayo mezani, mama, sioni PCOS. Ninachokiona ni msichana aliye katikati ya safari. Kama baadaye itabaki dalili moja kati ya hizo mbili, mwongozo unatuambia tumwandike kuwa yuko kwenye uwezekano wa kuipata, tutibu kinachomsumbua, kisha tumtazame upya mizunguko ikishatulia. Hatumbandiki jina la ugonjwa.

Kuhusu kuzaa: hata mwanamke mzima mwenye PCOS ya kweli, mara nyingi hushika mimba, wengine wenyewe, wengine kwa vidonge vya kusaidia yai kupevuka. Kwa hiyo sentensi ya "huyu hatazaa" isitamkwe mbele ya mtoto wa miaka 14, hata kwa mnong'ono jikoni. Wasichana wanasikia. Wengine huishi nayo miaka kumi ikiwatafuna, na wapo wanaoacha kujikinga kwa kuamini kwamba wao ni tasa.

Vidonge vyenu vya miezi mitatu, kama nilivyoelewa, ni vile vya uzazi wa mpango. Havifundishi ubongo mdundo wake. Vinaunyamazisha na kuweka mdundo wa kiwandani. Damu inayokuja mwisho wa pakiti ni ya kukatizwa dawa. Sivisemi vibaya: kwa msichana anayevuja damu nyingi au anayeumwa tumbo kiasi cha kulala chini, vidonge hivyo ni msaada mkubwa na mimi mwenyewe huviandika. Lakini binti yako, kwa barua yako, havuji sana wala haumwi. Kwa hiyo rudi kwa daktari wenu, kwa heshima, umuulize: tunatibu nini hasa? Akiwa na jibu ambalo halimo kwenye barua yako, msikilize.

Nina sababu ya kuwa mgumu hapa. Kuanzia miaka ya 1950, katika nchi kadhaa tajiri, wasichana wenye afya njema waliokuwa wanarefuka "kupita kiasi" walipewa dozi kubwa za estrojeni ili mifupa ifunge mapema. Wazazi walihofia watakosa wachumba. Kwa miaka mingi karibu hakuna aliyewafuatilia. Mwaka 2004 ndipo watafiti wa Australia walipotoa matokeo ya kuwatafuta wanawake hao wakiwa watu wazima na kuwalinganisha na warefu wenzao ambao hawakutibiwa. Waliotibiwa walikuwa wamepata shida zaidi kushika mimba. Mwili uliokuwa mzima ulitibiwa hofu ya wakubwa.

Kuna mambo ambayo ningeyakimbilia, na nakuomba uyajue. Pedi inayoloa kabisa kila saa moja au mbili, au damu inayozidi siku 7. Hapo sitangoji mzunguko utulie, nitapima damu, akiba ya madini ya chuma na uwezo wa damu kuganda. Mwaka 1926 daktari Erik von Willebrand wa Finland aliandika habari za familia moja ya visiwa vya Åland yenye ugonjwa wa kutokwa damu. Binti aliyemfikisha kwenye uchunguzi huo alifariki akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne. Ugonjwa huo sasa una jina la daktari huyo na una matibabu, na wasichana wengi wenye nao hujitambulisha kwetu kwa hedhi tu. Damu ikikata kwa siku 90, nitaanza na kipimo cha mimba, hata kama swali linatutia haya sote, kisha tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa. Nitamuuliza pia anakula kiasi gani na anafanya mazoezi kiasi gani, maana ubongo ukiona chakula hakitoshi huzima mapigo yale kabla ya kitu kingine. Na maumivu yanayomtoa darasani kila mwezi hata baada ya kumeza ibuprofeni mapema na kwa kipimo sahihi, hayo si "kawaida ya wanawake". Huenda ni endometriosisi, yaani tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake, nayo huchukua miaka mingi kutambuliwa kwa sababu tu watu walimwambia avumilie.

Sasa utafiti. Umeandika unaogopa asije akafanyiwa majaribio. Hofu hiyo ina haki yake. James Tanner, Mwingereza ambaye hatua zake tano za kubalehe tunazitumia kila siku kliniki, alizichora kwa kuwapiga picha wakiwa uchi watoto waliolelewa katika makao ya watoto; ripoti ya mwaka 1969 ilikuwa ya wasichana 192. Kamati ya maadili ya leo isingeipitisha hata dakika moja. Lakini tazama na upande wa pili. Dawa ya DES, estrojeni ya kutengenezwa, ilimezwa na wajawazito kwa miongo kadhaa kwa matumaini ya kuzuia mimba kuharibika. Mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake wa Boston walieleza saratani adimu ya uke kwa wasichana na wanawake vijana 8. Kati ya hao 8, saba mama zao walikuwa wamemeza DES. Madhara yalikaa kimya utotoni yakasubiri balehe. Asingekuwepo mtu wa kuwauliza wasichana na mama zao, dawa ingeendelea kuandikwa.

Na yote niliyokuambia juu hapo, ile asilimia 80, ile siku 45, yametoka kwa wasichana waliokubali kukojoa kwenye kichupa na kuandika tarehe. Utafiti uliokujia, kwa ulivyoueleza, ni wa kufuatilia: hawampi dawa, wanatazama. Mkojo ndio wenye thamani kubwa kwao, kwa kuwa mabaki ya estrojeni na projesteroni hutoka humo, na vichupa vya asubuhi vya mfululizo vinaonyesha kama yai limepevuka bila kumchoma sindano kila siku. Picha waipige juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa. Picha ya kuingiza kifaa ukeni haina nafasi kwa binti kama huyu, na wakiitaja, kataa.

Waombe karatasi ya maelezo usome ukiwa nyumbani. Uliza damu itachukuliwa mara ngapi na kiasi gani. Uliza sampuli zitakazobaki zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama zitapimwa jeni baadaye. Uliza kama watakuambia wakigundua upungufu wa damu. Na kuna swali moja ambalo wazazi wengi hulisahau: tafiti nyingi za aina hii hupima mimba na huuliza habari za mapenzi. Majibu hayo anapewa nani? Ujue kabla hujasaini, na binti ajue pia, maana msichana anayedhani kila neno litamfikia mama yake atajaza fomu ya uongo, na utafiti wenyewe utakuwa wa bure. Kamati ya maadili iliyoupitisha inapaswa kutajwa kwenye karatasi hiyo, na namba ya simu ya kulalamikia. Ukikuta hazipo, mazungumzo yaishie hapo.

Yote yakiwepo, mimi ningemruhusu. Atapata bure kile ambacho vipimo vyenu viwili havikumpa: mtu wa kumtazama kwa miaka mitatu.

Ila ruhusa yako ni nusu ya ruhusa. Kwa umri wake anatakiwa naye akubali kwa kinywa chake, na akisema hapana, saini yako haimlazimishi. Aweze pia kujitoa mwezi wa nne au wa ishirini bila kutoa sababu wala kunyimwa matibabu. Nimeisoma barua yako mara mbili, mama, nikaona tarehe, namba na majina ya vipimo, lakini sikuona mahali popote alipoulizwa yeye. Jioni ya leo mkae wawili, umwonyeshe zile karatasi mbili za testosteroni na umwache azidishe 1.3 kwa 28.8 mwenyewe. Kisha umkabidhi kalenda unayohesabia siku zake. Kuanzia mwezi huu aiandike yeye: siku damu ilipoanza, siku ilipokoma, pedi ngapi kwa siku, na kama tumbo lilimuuma kiasi cha kukosa shule. Nileteeni baada ya miezi sita, vidonge au bila vidonge. Kama ameanza kumeza, aweke alama kwenye miezi hiyo ili tusiihesabu.